AlphaSmart Neo: kimashine cha wanafunzi kinachomfaa mwalimu wa uandishi

Nafundisha uandishi, yaani kazi yangu ya kila siku ni kusoma sentensi za watu wengine na kuwaambia hapa pamelegea, hapa umerudia, aya ya kwanza itoe hadithi yako inaanzia ya pili. Naipenda sana hii kazi. Ila walimu wenzangu mtanielewa haraka, ukishazoea kusahihisha mchana kutwa jicho halizimiki jioni. Unakaa uandike cha kwako, unaandika sentensi moja, kabla haijafika kwenye nukta jicho lishaanza, hiki kitenzi kidhaifu, hili neno umeshalitumia hapo juu, huu mwanzo kila mtu anaanza hivi, basi unafuta. Unaandika nyingine, unafuta. Saa nzima inaisha una mistari mitatu misafi kabisa ambayo haiendi popote. Ni kupalilia shamba ambalo hujapanda.

Kwa hiyo hii rivyu ni ya mtu anayefundisha kuandika na anataka na yeye aendelee kuandika. Wanaotaka kujua spidi ya prosesa sijui memori ngapi hapa hawatapata kitu. Mi nataka kujua jambo moja tu, hiki kifaa kinanisaidia nifike mwisho wa drafti au hakinisaidii? Kinasaidia, na kinasaidia kwa sababu ambayo sijaona watu wakiisema vizuri, ndo maana naandika.

Kwa ambao hamjawahi kuiona, Neo ni kibodi kamili, ukubwa ule ule wa kibodi ya kompyuta ya mezani, afu juu yake kuna kaskrini kembamba ka kijivu kanakoonyesha mistari miwili mpaka sita kutegemea umechagua herufi za ukubwa gani. Basi, hicho ndo kifaa chenyewe. Hakuna intaneti, hakuna rangi, hakuna mausi, hakuna kitu kinachokuita pembeni. Unabonyeza kitufe cha kuwasha, kufumba na kufumbua umerudi palepale kwenye neno ulipoachia, na hakuna habari ya kusevu manake kila herufi unayobonyeza inajihifadhi yenyewe. Inatumia betri tatu za kawaida zile za AA, na watengenezaji walisema zinaweza kufika saa 700 za kazi, mi sijakaa na saa mkononi kuhesabu lakini ukweli ni kwamba unafika mahali unasahau kabisa kwamba hii kitu ina betri. Uzito ni karibu kilo moja. Unaiweka mapajani unaandika.

Historia yake ndo iliyonivutia mwanzoni. Kampuni ya AlphaSmart ilianzishwa 1992 na mainjinia waliotoka Apple, na walichokuwa wanakifikiria ni darasa. Kompyuta kipindi kile chache na ghali, mwanafunzi anayetaka kutaipu insha tu anasubiri zamu, wakaona bora wamtengenezee kitu cha kuandikia peke yake afu akimaliza ndo ahamishie kwenye kompyuta. Neo yenyewe ikatoka 2004, mwaka uliofuata kampuni ikachukuliwa na Renaissance Learning, na 2013 wakaacha kuzitengeneza. Zilizobaki sokoni ni mtumba, nyingi zimetoka mashuleni, na wanaozitafuta sana siku hizi ni waandishi wa riwaya na watu kama mimi. Yaani chombo alichotengenezewa mwanafunzi kimeishia kwa mwalimu.

Sasa twende kwenye lenyewe. Mi nimeiweka mistari minne. Ukiandika mstari wa tano, wa kwanza unapanda juu unapotea. Haujafutika, upo, ukibonyeza mshale wa juu unarudi, lakini mbele ya macho haupo tena na hiyo peke yake inatosha. Kwenye laptopu ukurasa mzima unakutazama, kila aya uliyoiandika imekaa hapo inasubiri hukumu, na mtu ambaye kazi yake ni kuhukumu aya hawezi kuipita hivi hivi. Kwenye Neo yule mwalimu aliyeko ndani yako anakosa karatasi ya kusahihisha. Anabaki na mistari minne, na minne yenyewe inasogea, akijiandaa kunyanyua kalamu nyekundu mstari ushaondoka.

Niwape mfano halisi. Kuna zoezi nalipenda sana kuwapa wanafunzi, andika mikono ya mtu aliyekulea, mikono tu, uso usiuguse. Nikalifanya na mimi kwenye Neo. Nikaanza "Bibi alikuwa na mikono migumu." Sentensi ya kawaida, haina kosa haina uhai. Kwenye laptopu hapo ndo ningeweka kambi, migumu au sugu au iliyokomaa, na hii "alikuwa na" mbona imelala, tafuta kitenzi kinachofanya kazi, na nikishapata kitenzi nitaona na sentensi nzima haifai. Kwenye Neo ikapanda ikapotea, nikaendelea na kucha, na pete iliyogoma kutoka, na namna alivyokuwa anafunga fundo la khanga bila kuangalia, afu mbele huko, mistari mingi baadaye, nikajikuta nimeandika kwamba bibi alikuwa anashika kikombe kwa mikono miwili hata kikiwa kimeisha, anaendelea kukishika mpaka anayeongea amalize kuongea. Hilo sikukaa nalo kichwani. Sikulipanga. Lilikuja kwa sababu vidole vilifika mbali kiasi cha kulikuta, na vilifika mbali kwa sababu hakuna aliyevisimamisha kwenye "migumu". Ile sentensi ya kwanza nilipokuja kuihamishia kwenye kompyuta nikaifuta kwa mbofyo mmoja na hadithi ikaanzia kwenye kikombe, na hicho ndicho huwa nawaambia wanafunzi kila siku, kwamba mwanzo wa kweli mara nyingi uko katikati ya drafti. Ila ili uufikie lazima drafti iwe na katikati.

Peter Elbow, mwalimu wa uandishi wa Marekani, ndo aliyelipigia debe sana miaka ya 1970 lile zoezi la kuandika kwa dakika 10 bila kusimama, bila kurudi nyuma, bila kurekebisha hata tahajia. Nalifundisha, wanafunzi wanalipenda, na wengi wetu walimu tunajua linafanya kazi. Kulifundisha ni rahisi. Ugumu ni mwalimu kulifanya mwenyewe kwenye skrini kubwa inayopigia msitari mwekundu kila neno isilolijua, na kwa anayeandika Kiswahili hiyo ni karibu kila neno, ukurasa unageuka kuwa kidonda. Neo ina kikagua tahajia lakini hakikuingilii wakati unaandika, ni mpaka ukiite mwenyewe, na kwa kuwa hakijui Kiswahili mi sina sababu ya kukiita. Kibodi yake kwa lugha yetu inatosha kabisa pia, hatuna herufi zenye alama juu wala chini, ukishakuwa na ile alama ya kuandikia ng'ombe huna unachokosa.

Kitu kingine ambacho nakisifu kwa moyo wote ni namna ya kuhamisha maandishi. Unaichomeka kwenye kompyuta kwa kebo ya USB, kompyuta inaiona kama kibodi ya kawaida tu, huna haja ya kuingiza programu yoyote. Unafungua dokumenti tupu, unabonyeza kitufe cha kutuma, na Neo inaanza kutaipu upya kila ulichoandika, herufi kwa herufi, mbele ya macho yako. Drafti ndefu inachukua dakika kadhaa. Wengi wanalalamikia hiyo spidi, mi nadhani ni zawadi. Mikono iko huru, huwezi kugusa kitu bila kuharibu, kwa hiyo unakaa unasoma. Sentensi zako zinapita kwa mwendo ambao hauruhusu kusimama, unaziona kama atakavyoziona msomaji, na hapo unasikia penye uhai na pale palipokufa. Mi huwa nakaa na kikaratasi pembeni naandika maneno mawili matatu ya pale paliponishtua, basi, hizo ndo alama zangu za kuanzia kuhariri.

Na angalia kilichotokea, kuandika kumekaa kwenye mashine moja na kuhariri kumekaa kwenye nyingine, katikati kuna kebo. Hii ni kubwa kuliko inavyosikika. Donald Murray, mwandishi wa magazeti aliyepata tuzo ya Pulitzer 1954 afu akaenda kufundisha, alisema 1972 kwamba tufundishe uandishi kama mchakato, na huo mchakato akaugawa sehemu tatu, kabla ya kuandika, kuandika, na kuandika upya. Walimu tunaujua huo mgawanyo kwa moyo, tunauchora ubaoni, lakini tukikaa na laptopu ya kwetu hatua mbili za mwisho zinaingiliana mpaka hakuna inayofanyika sawasawa. Neo inakulazimisha uzitenganishe kwa mikono yako. Ukiwa upande huu wa kebo unaandika. Ukiwa upande ule unakata unavyotaka, na ukate kweli, jicho la mwalimu hapo ndo mahali pake na ni zuri kweli kweli likipewa kitu cha kufanyia kazi.

Murray huyo huyo kitu nachomheshimia zaidi ni kwamba hakuacha kuandika wakati anafundisha. Na mwaka 1974 pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, James Gray alianzisha mradi wa walimu ambao baadaye ukakua ukaitwa National Writing Project, na moja ya nguzo zake ni hiyo, mwalimu wa uandishi na yeye aandike. Walimu wanakutana likizo, wanaandika, wanasomeana, sio kuhudhuria semina ya kusikiliza tu. Naamini hili kwa asilimia zote. Mwanafunzi anajua kama unaongea kitu ulichokifanya wiki hii au ulichokisoma zamani. Ukimwambia "endelea tu hata kama sentensi mbovu" na wewe mwenyewe hujaandika sentensi mbovu miaka, maneno yanakuwa matupu hata kama ni ya kweli.

Ndo maana hii kitu naingia nayo darasani. Nikitoa zoezi naandika na mimi. Nilijaribu na laptopu, ukifungua laptopu mbele ya darasa kila mtu anadhani unajibu barua pepe, na kusema kweli kishawishi kipo. Na daftari ni zuri sana darasani, sina neno. Ila na Neo wanakuona unataipu, hamna kingine unachoweza kuwa unafanya kwenye hicho kifaa, na wanajua. Tukimaliza nawasomea ya kwangu kama ilivyo, ambayo haijahaririwa, ina marudio, ina sehemu nimeandika "hapa sijui niseme nini niseme nini" mpaka nikajua. Kusoma drafti mbichi mbele ya watu unaowafundisha si jambo dogo, lakini maswali wanayouliza baada ya hapo yamebadilika kabisa. Zamani walikuwa wanauliza hii ni sahihi mwalimu? Sasa hivi kuna aliyeniuliza ulijuaje kwamba hapo ndo pa kuendelea, na tukaongea hilo mpaka kipindi kikaisha. Ningetamani maswali ya hivyo kila siku.

Neo ina faili nane za kuandikia, zipo kwenye vitufe vinane juu ya kibodi, unabonyeza namba umeingia. Hakuna mafolda, hakuna kupanga panga. Kwangu namba 1 ni ya asubuhi, chochote kinachokuja. Namba 2 na 3 hadithi mbili ninazoziandika. Ya 4 ni ya darasani. Ya 8 ni jalala, kila sentensi ninayotaka kuifuta lakini roho inauma naihamishia huko, kukata na kubandika inaweza. Namba 5 mpaka 7 naziacha wazi makusudi. Nane zinatosha, na kwa mtu mwenye tabia ya kuanza vitu kumi kwa mpigo huo ukomo unamsaidia, ukitaka kuanza kipya kuna kingine inabidi ukimalize au ukitoe.

Mabaya nayo yapo na ni ya kweli. Kubwa kuliko yote, skrini haina taa. Chumba kikiwa na giza huoni kitu, na hata kwenye mwanga hafifu inabidi ukae kwa kuinama au uitegeshe. Mwalimu ambaye muda wake wa kuandika ni usiku watu wa nyumbani wamelala lazima awe na taa ya mezani, hilo halina ujanja. Kwa upande mwingine juani unasoma vizuri kuliko skrini yoyote ya laptopu.

La pili, usijaribu kuhariri kazi ndefu humo. Kutafuta neno unaweza, kurudi nyuma unaweza, lakini kuhamisha aya kutoka mwisho kwenda mwanzo huku unaona mistari minne ni mateso na utaichukia mashine bila kosa lake. Wala usiandikie mashairi yanayotegemea umbo la ukurasa. Wanaofundisha ushairi najua mtauliza, jibu langu ni hapana, shairi linataka kuonekana lote kwa pamoja, kalamu na karatasi bado ndo mfalme hapo.

Afu maandishi yako yanakaa ndani ya hicho kifaa peke yake mpaka uyahamishe. Hamna wingu hamna nini. Hamisha mara kwa mara, wiki isipite.

Watu huwa wanauliza kwa nini nisinunue Freewrite, ile ya Astrohaus iliyochangiwa pesa kwenye Kickstarter 2014 ikiitwa Hemingwrite. Ni wazo lile lile, kibodi na skrini ndogo, yao ni ya wino wa kielektroniki, ile skrini inayofanana na karatasi, na inatuma maandishi yenyewe kwa Wi-Fi, na ile ya kwanza hata vitufe vya mishale hawakuiwekea ili usirudi nyuma. Ni mashine nzuri, kibodi yake inasifika. Kwa mahitaji yangu mi naona Neo inatosha na inazidi kidogo, kwa sababu mbili. Wino wa kielektroniki unachelewa kidogo nyuma ya vidole na mtu anayetaipu haraka anauhisi huo ucheleweshaji. Na lile la kutuma kwa Wi-Fi linaniondolea ile dakika ya kukaa na kusoma maneno yakipita, ambayo kwangu ni nusu ya faida yote. Pia napenda kuwa na mishale afu nisiitumie. Kuzuiwa ni kitu kimoja, kujizuia ni mazoezi, na mi ni mazoezi nayatafuta.

Kuna na wale wanaosema si uzime tu intaneti kwenye laptopu ufungue ukurasa mweupe. Sawa, kwa mtu ambaye adui yake ni intaneti hiyo inatosha kabisa wala asinunue kitu. Adui wa mwalimu wa uandishi ni ukurasa wake mwenyewe, na laptopu hata ukiizima kila kitu bado inakuonyesha ukurasa.

Nani achukue basi? Anayesahihisha kazi za wengine kila siku na ya kwake imesimama, huyu achukue hata leo. Anayeandika hadithi, kumbukumbu, makala ndefu, achukue. Anayeandika kazi ya kitaaluma yenye marejeo na majedwali aachane nayo, itamsumbua. Na kama tatizo lako ni kwamba unaandika sana ila hutaki kuhariri, Neo itakuongezea tatizo, utakuwa na faili nane zimejaa na hakuna kazi hata moja iliyoisha.

Kama unatafuta, kumbuka ni mtumba, kwa hiyo usinunue kwa picha moja. Omba muuzaji aiwashe akuonyeshe skrini ikiwa na maandishi, uangalie kama kuna mistari iliyokufa. Omba picha ya sehemu ya betri ikiwa wazi, betri zilizoachwa humo miaka huvuja zikala vyuma, hiyo ndo sababu ya nyingi kufa. Bonyeza kila kitufe ukiweza, zile herufi za a na i kwetu sisi zinachapwa kuliko zote so ukikuta zinakwama achana nayo. Ndani kuna kibetri kidogo cha duara cha akiba kinachotunza maandishi ukitoa betri kubwa, kikiwa cha zamani kibadilishe mapema. Nyingi zikiwa zimetoka shuleni muulize kama kuna nywila iliyowekwa na walimu wa huko. Tofauti ya Neo na Neo 2, ile iliyotoka baadaye, kwa mwandishi ni ndogo, chukua yoyote iliyo nzima. Na ukikuta inauzwa bila kebo usiiache kwa sababu hiyo, kebo yake ni ile ile ya printa yenye kichwa cha mraba.